Kodi ya miezi sita, rejesho la kila siku na baba aliye barabarani

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 32 na watoto wawili, wa kwanza ana miaka tisa yuko darasa la tatu, mdogo ana minne. Nawalea mwenyewe hapa Mbagala tangu baba yao aondoke. Nauza chapati, supu na maharage asubuhi kituoni. Nikishatoa unga, mafuta na mkaa, siku nzuri nabaki na 18,000, siku mbaya 14,000. Nilikopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, 300,000 ili nilipe kodi, nikapewa 270,000, narejesha 13,000 kila siku kwa siku 30. Nimebakiza siku 15 na mtaji umeanza kukatika. Kodi ni 70,000 kwa mwezi, baba mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa pamoja, na itaisha miezi mitatu ijayo. Baba wa watoto ni dereva wa lori, hutuma 30,000 akikumbuka. Rafiki yangu ananiambia nichukue mkopo wa kwenye simu nimalizie huu, mwingine anasema kuna mikopo ya serikali ya akina mama. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeweka hesabu zako mezani bila kuficha, na hilo limenirahisishia kazi. Wengi hunieleza tu kwamba hela haitoshi, nabaki nabahatisha.

Kwa wastani unabaki na 16,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 416,000 kwa mwezi. Kwa mama mwenye watoto wawili Dar es Salaam hiyo si fedha nyingi, lakini pia si ya kukupeleka kwa kausha damu. Kinachokuumiza ni kwamba fedha yako inaingia kidogo kidogo kila siku, halafu mambo makubwa yanakuja kwa mkupuo: kodi 420,000, Januari sare na madaftari, katikati hapo mtoto anaugua. Hakuna hata asubuhi moja ambayo supu itakupa 420,000 mkononi. Mkopeshaji wa kausha damu analijua hilo vizuri sana. Bidhaa yake ni huo mkupuo, na anakuuzia kwa bei mbaya. Kwa hiyo kila nitakachokuambia kina shabaha moja: mkupuo uutengeneze mwenyewe, na anayepaswa kuuchangia auchangie, usiwe unaununua.

Tuanze na deni. Ulisaini 300,000 ukapewa 270,000, maana 30,000 ilikatwa juu kwa juu wakaiita ya fomu. Utarejesha 390,000. Umetumia 270,000 ya watu kwa mwezi mmoja kwa gharama ya 120,000. Sasa linganisha: Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana, wale wa daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Hebu iandike 120,000 kwenye karatasi, kisha 10,500 chini yake, uziangalie.

Ukishaziangalia, usikimbilie kukopa kwingine ili ulipie hapa. Zimebaki siku 15, yaani 195,000. Zinauma, lakini zina mwisho, na mkopo mpya utazirudisha siku hizo kuwa 30. Kama biashara bado inasimama, zimalize hivyo hivyo. Ukiona mtaji unakwisha kabisa, hata unga wa kesho unakopa kwa Mangi wa dukani, nenda ofisini kwao mwenyewe, usizungumze na kijana anayepita kukusanya. Omba ulipe nusu, 6,500 kwa siku 30, bila nyongeza, na waandike. Wengi wao hukubali, kwa sababu mteja anayelipa nusu ana faida kuliko aliyezima simu. Kwa hiyo simu usizime. Kila rejesho lisainiwe kwenye kadi yako, usikubali kuambiwa wameandika kwenye daftari la ofisi. Ukiwa hapo hapo, omba nakala ya mkataba na uulize leseni yao iko wapi. Mkopeshaji halali huibandika ukutani. Wakianza vitisho vya kuja kubeba mtungi wa gesi na televisheni, waandikie malalamiko wao wenyewe kwanza, ubaki na nakala iliyopokelewa, na wasipokujibu yapeleke Benki Kuu. Mwenyekiti wako wa mtaa naye mpe taarifa. Fomu hizi nyingi huwa na muhuri wa serikali ya mtaa, hivyo hawezi kusema hayamhusu.

Kuhusu mkopo wa kwenye simu: mwambie rafiki yako asante. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Mtego wake uko kwenye kuipakua. Ukiiruhusu programu isome majina yaliyo kwenye simu yako, siku ukichelewa kulipa, shemeji yako, mwalimu wa mtoto na wateja wako watapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hairuhusu mchezo huo, na ipo Tume ya kupokea malalamiko, lakini aibu inakuwa imeshafika kabla ya Tume. Kwamba programu inapatikana kwenye duka la simu si leseni. Leseni ni jina la kampuni kuonekana kwenye orodha ya Benki Kuu. Na kama laini yako imejiunga na huduma ya kukopeshwa unapopungukiwa salio wakati wa kutuma hela, kumbuka kwamba kitakachoingia baadaye kinakatwa deni kwanza. Fedha ya mauzo isipitie laini hiyo.

Sasa jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Wiki hizi mbili umekuwa ukitoa 13,000 kila siku, kwa machozi, lakini umetoa. Siku deni linapokwisha, usiache kurejesha. Endelea kurejesha 6,000 kila siku ya kazi, safari hii kwako mwenyewe, na saa ile ile aliyokuwa anapita yule kijana. Baada ya siku 15 utabakiwa na siku kama 75 kabla ya kodi kwisha, ambazo ukitoa Jumapili ni siku 64 za kuuza. Mara 6,000 unapata 384,000. Unapungukiwa 36,000 tu kufikisha 420,000. Kwenye 10,000 iliyobaki kila siku, 2,000 irudishe kwenye mtaji hadi utakaposimama sawasawa, na 8,000 iwe ya nyumbani. Najua 8,000 ni finyu kwa watu watatu. Lakini sasa hivi unaishi kwa 3,000 na daftari la Mangi.

Hiyo 6,000 isilale ndani. Fungua laini nyingine isiyojulikana na ndugu, uweke kwa wakala kila siku. Kuweka hakuna makato, kutoa ndiko kuna makato, na kwa shughuli hii makato hayo ni rafiki yako, kwa sababu yatakufanya ufikirie mara mbili. Kama kuna wakala wa benki karibu na kituo, akaunti ya akiba ni bora zaidi.

Baba mwenye nyumba usimsubiri aje kukugongea. Mwezi mmoja kabla kodi haijaisha, mfuate ukiwa tayari na 210,000 mkononi, umwombe akupokelee ya miezi mitatu mitatu. Mtu aliyeshika fedha anasikilizwa tofauti na mtu anayeomba huruma. Akikataa, unayo karibu yote. Usiingie kwenye wazo la kuhamia chumba cha 50,000 huko mbele bila kupiga hesabu: dalali atataka kodi ya mwezi mmoja, kirikuu ya kuhamisha vyombo inalipiwa, na mwenye nyumba mpya naye anataka miezi sita. Zaidi ya hapo utawaacha wateja wanaokujua. Kitu kidogo cha kumkumbusha siku hiyo: kodi ya jengo, ile inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, ni ya mwenye nyumba kisheria. Kama mita iko kwenye chumba chako na wewe ndiye unayenunua umeme, tunza risiti, mwombe akupunguzie kwenye kodi. Kwa miezi sita ni 9,000. Wapangaji wengi wa mji huu wanailipa kimya kimya.

Kuna njia ya pili ya kutengeneza mkupuo, nayo unaijua: mchezo, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu, na kikoba, kikundi cha kuweka hisa na kukopeshana. Kwenye mchezo, watu hugombania namba ya kwanza. Wewe gombania namba inayoangukia mwezi wa kodi. Kwenye kikoba, uliza kinavunjwa lini. Kinachovunjwa Desemba kinakukabidhi hisa zako Januari ikiwa mlangoni, shule zikifungua. Kiwe kimesajiliwa halmashauri kama sheria ya 2018 inavyotaka, kiwe na sanduku lenye kufuli tatu au akaunti ya pamoja, na usiingie viwili. Nimeona akina mama wenye vikoba vitatu, wanakopa cha Jumanne kurejesha cha Alhamisi, mwisho wa mwaka kila kimoja kinawadai.

Michango ya harusi hukuitaja, lakini naishi Dar es Salaam, siwezi kujifanya sijui. Makundi ya WhatsApp, kadi ya mtu mmoja, kadi ya wawili, kitambaa cha sare, halafu kitchen party. Kwa miezi sita hii, chagua watu wawili ambao hata ukiwa mgonjwa watakuja, hao uwachangie. Wengine watumie salamu nzuri mapema, siku ile ile unapoingizwa kwenye kundi, kabla hujaandikwa ahadi. Kinachovunja undugu ni ahadi ya 50,000 isiyotimizwa, kuliko 'hapana' iliyosemwa kwa adabu. Mama yako kijijini ni suala jingine, yeye mtumie, hata kama ni 10,000.

Tuje kwenye mikopo ya serikali. Aliyekuambia hakukudanganya. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Sasa nikuambie kwa nini sipendi inavyokimbiliwa. Huo ni mkopo wa biashara kwa kikundi, si wa kodi ya nyumba, na hautoki kwa haraka ya deni lako. Lazima muwe na kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na andiko la biashara, kisha mkaguliwe. Na mmoja akitoroka na mgao wake, mnaobaki ndio mnaodaiwa. Kwa hiyo uweke kwenye mipango ya mwakani. Anza kwa kuangalia nani pale kituoni mnaaminiana: muuza uji, muuza matunda, yule wa juisi. Mkiweza kuweka na kukopeshana nyinyi wenyewe miezi sita bila ugomvi, nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Asitokee mtu wa kuwaambia anaijua njia ya mkato mkampa 'ya soda'. Fomu haiuzwi. Na usikubali kuingizwa kwenye kikundi cha watu usiowajua kwa sababu tu wanahitaji jina lako litimize idadi.

Mengine kwa kifupi. Shule ya msingi ya serikali haina ada, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu hujalipa mchango. Hata hivyo nenda umwone mwalimu mkuu kabla hajakuita, hali ikielezwa mapema inapokewa vizuri zaidi. Mwanao mdogo akifikisha umri, mpeleke darasa la awali la shule hiyo hiyo, uachane na malipo ya kituo cha kulelea watoto kama unalipia. Sasa hivi akiwa chini ya miaka mitano, sera inamtibu bure kwenye zahanati na hospitali za serikali. Dawa mara nyingine utaambiwa ukanunue, lakini kumwona daktari usilipe. Kwa mkubwa, ikitokea umelemewa na bili hospitali ya serikali, ulizia dawati la ustawi wa jamii humo humo kabla hujakopa, wao ndio wanaoshughulikia misamaha. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa serikali, ni ya kaya maskini zaidi, walengwa hupatikana kupitia mkutano wa mtaa, na kwa kipato ulichonieleza sitakupa matumaini. Msikitini kuna kamati ya zaka, parokiani kuna jumuiya. Watu huona haya kwenda, ilhali fedha hizo zilitolewa kwa ajili ya watu walio mahali ulipo wewe.

Nimemwacha baba wa watoto mwisho kwa sababu ndiye mwenye maneno mengi. Umeandika 'akikumbuka', na nimeisoma kama mtu aliyekwisha kukata tamaa. Mimi sijakata. Matunzo si hisani anayokufanyia wewe, ni haki ya mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, iwe mlifunga ndoa au la. Zamani kulikuwa na sheria ya kikoloni iliyoweka shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa. Bado nakutana na akina mama, na akina baba, wanaodhani ndiyo inayotumika. Ilifutwa. Leo hakuna kiwango maalumu. Mahakama inaangalia kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine anaowahudumia, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi.

Lakini usianzie mahakamani. Anzia kwa ofisa ustawi wa jamii, kata yako au manispaa ya Temeke. Atamwita, mtakaa, na mkikubaliana inaandikwa na kusainiwa. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kutaja tu '200,000 kwa mwezi'. Dereva wa lori hulipwa posho ya safari, mwezi wake una siku za neema na siku za ukame. Akikubali 200,000 kwa presha ya ofisi, atalipa mara moja kisha hatapokea simu. Mimi ningekuja na pendekezo jingine: kila safari akirudi, 40,000 ya chakula, itumwe kwenye laini maalumu. Nusu ya kodi ailipe yeye, moja kwa moja kwa mwenye nyumba, ili usiambiwe umeila. Na sare za Januari za mkubwa ziwe zake. Nusu ya kodi ya miezi mitatu ni 105,000. Ukiijumlisha na akiba yako, husogei tena kwenye ofisi ya kausha damu.

Watoto usiwatumie kama rehani. Kumzuia asiwaone mpaka alipe kutampa kisingizio mbele ya ofisa, na kuwaona watoto na kuwatunza ni mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha. Ila kama kuna kipigo au vitisho, usikae naye meza moja. Nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, na kwa lolote linalomgusa mtoto kuna namba 116, ni bure.

Akikaidi wito, au akisaini asitimize, ndipo Mahakama ya Watoto. Bahati yako unaishi Temeke: tangu 2021 kuna Kituo Jumuishi cha mahakama kwa mashauri ya mirathi na familia, ambako unaweza kuelekezwa pa kuanzia na kupata wa kukusaidia kisheria bila kuzunguka mji. Wakili wa kulipa huhitaji. Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, na chama cha wanawake wanasheria, TAWLA, husaidia mashauri kama lako bila malipo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua kazi yao.

Sasa fungua simu yako leo jioni. Kila ujumbe wa muamala wa hizo 30,000, wa zamani na wa karibuni, upigie picha uihifadhi mahali pengine, simu zinaibiwa Mbagala. Hasa tafuta za kipindi mdogo alipokuwa hajafikisha miaka miwili. Kwa baba ambaye hamkufunga ndoa na anayekana mtoto, sheria inauliza kama ombi lilipelekwa ndani ya miezi 24 tangu mtoto azaliwe, na muda huo ukiwa umepita, inauliza kama aliwahi kutoa fedha ya matunzo ndani ya miezi hiyo. Ujumbe mmoja wa M-Pesa wa wakati huo, wenye jina lake, unaweza kukufungulia mlango. Cheti cha kuzaliwa chenye jina lake nacho ni ushahidi, na kama aliwahi kumtambulisha mtoto mbele za watu, waandike majina watu hao.

Siku ya kwenda ustawi beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wawili, picha za miamala, mkataba wa nyumba, namba zake za simu zote na jina la kampuni au tajiri anayemwendeshea gari. Hilo la mwisho usilisahau, maana dereva akisema yuko Tunduma, ofisa atataka kujua pa kupeleka wito. Na uwe na karatasi moja ya matumizi ya watoto tu kwa mwezi, bila ya biashara na bila ya kwako. Nenda siku ya katikati ya wiki, ukishafunga meza ya supu. Jumatatu foleni ni ndefu.